Mwaka wa Kupuliza Mrija

Kama umeambiwa kamba moja ya sauti yako imelala, ukapewa mrija na kuambiwa nenda ukapulize, basi haya nakuandikia wewe. Sikuahidi kwamba utapona. Wako wanaopona. Nimewaona kwa macho yangu wakitoka kliniki wakicheka kwa sauti zao zilezile za zamani, na Mungu anisamehe, sikuwapenda. Mimi si mmoja wao. Lakini nilipokuwa natafuta mtu wa kunieleza nitakayoyapitia, niliambulia watu wa kunipa tangawizi na asali tu. Ndiyo maana naandika.

Naitwa Mishi. Nina miaka hamsini na mbili, na zaidi ya nusu yake nimefundisha watoto chuo huko Bondeni. Kwa asiyejua chuo chetu, ni chumba kimoja kirefu, mikeka, na watoto arubaini wanaosoma Kurani wote kwa pamoja, kila mmoja pahala pake, na mwalimu lazima asikike juu yao wote. Mimi nilisikika. Muuza sambusa wa ng'ambo ya njia alikuwa akinitania kwamba ameshahifadhi juzuu nzima bila kuvua viatu.

Kabla yangu chuo kile kilikuwa cha mamangu, Bi Rehema. Macho yake yalizimika kidogo kidogo kwa presha ya macho, hadi akawa haoni hata mwangaza wa dirisha. Tulikaa nyumba moja Mji wa Kale. Ndugu yangu Athumani na mkewe Saida walikaa chini, mama na mimi juu, chumba kimoja, kwa kuwa niliachwa zamani na sikujaliwa mtoto. Kila siku nikirudi, kabla sijavua buibui, nilimwita kutoka chini ya ngazi, "Mama, nimekuja!" Naye hujibu kwa Kimvita chake, "Ndoo, mwanangu," yaani njoo. Baada ya magharibi nilimsomea Kurani, na nikiteleza herufi moja hunipiga paja. Alikuwa mwalimu hata kitandani.

Miaka miwili ya mwisho akili yake ilianza kwenda na kurudi. Asubuhi angeuliza habari za marehemu babangu kama mtu aliyetoka kidogo kwenda sokoni. Lakini sauti yangu hakuipoteza. Hata siku ambazo hakujua yuko nyumba gani, nikimwita tu, anatulia.

Sasa ugonjwa. Rovu langu, uvimbe wa shingoni, lilikuwa dogo, nikalificha ndani ya mtandio, halafu likawa halifichiki. Chakula kikaanza kukwama. Daktari aliniambia wazi kabla ya kunipasua kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita papo hapo, na mara chache huumia. Nikatia sahihi. Kila mtu hudhani yale ya mara chache ni ya watu wengine. Simlaumu daktari. Rovu lilitoka, na saratani haikuwamo. Ilikuwa mwisho wa kusi, siku zile joto linapoanza kurudi.

Nilipozinduka nilitaka kumwambia Saida anipe maji. Ukatoka upepo. Nikajaribu tena, ukatoka upepo. Saida akaelewa kwa kuona midomo, akanipa maji, na maji yakaingia njia siyo. Nikapaliwa hadi nikadhani kidonda kitafumuka. Manesi wakaniambia nisiwe na wasiwasi, koo limevimba tu. Baada ya wiki tatu wakanipitisha kamera nyembamba puani, na daktari akanionyesha kwenye kioo cha mashine: kamba mbili za sauti, moja inacheza, ya pili imelala kando kama haimhusu mtu. Akasema huenda ikaamka. Tuipe mwaka.

Nikueleze yasiyoandikwa kwenye karatasi wanazokupa. Utachoka kwa kusema. Maneno matatu, pumzi inakwisha, unavuta nyingine. Kikohozi hakina nguvu, na usipokunja kidevu unapokunywa, utapaliwa mbele za watu. Simu hutaiweza, watu watasema "Haloo? Haloo?" kisha wakukatie. Kwenye tuktuk utapitishwa kwako kwa kuwa dereva hakukusikia. Dukani muuzaji atakwambia, "Sema basi, mama!" Kicheko nacho kitapotea, hili hakuna aliyenionya. Utacheka na watu watakutazama wasijue umecheka. Jirani mmoja aliona niko barazani kimya, akasema, "Leo Mishi kanyamaza, kiama ki karibu!" Nikacheka hivyo hivyo, bila sauti. Kisha nikaingia ndani nikalia, nako kulia hakukuwa na sauti.

Haya yote ningeyabeba. Lililonivunja lilikuwa juu ya ngazi.

Siku niliyorudi kutoka hospitali nilipanda mwenyewe hadi kwa mama, nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikamwambia kwa ule upepo wangu, "Mama, nimekuja."

Akageuza uso. "Wee u nani?"

"Mishi."

"Mishi hajarudi," akasema. "Mngojee."

Saida aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Mama, ndiye Mishi huyu. Koo limemuuma, sauti imekwenda."

"Aa. Pole, mwanangu," mama akasema, akanipapasa. Nikashukuru Mungu. Haikupita hata muda wa kunywa kikombe cha chai, akainua kichwa, akauliza, "Huyu aliyekaa kitandani kwangu ni nani?"

Ikawa hivyo kila siku. Ukimweleza anaelewa, halafu inamtoka. Nikaona nitumie mikono, maana sauti si kila kitu. Nikamshika vidole vyake nikavipitisha kwenye bangili zangu, zile mbili za dhahabu alizonipa mwenyewe siku ya harusi yangu. Alizitambua papo hapo. Akanikamata kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Bangili za Mishi hizi! Nalimpa mimi. Umezitoa wapi?" Akapiga kelele, "Athumani! Ndoo! Mwivi yumo ndani!"

Athumani alipanda mbio, akasimama mlangoni hajui amshike nani. Nikazivua bangili nikaziweka sandukuni, na sijazivaa tena.

Kliniki ya sauti ilikuwa Jumanne. Ukumbi wake wa kungojea nadhani ndio uliokuwa kimya kuliko wote Mombasa: mabenchi mawili ya mbao, feni moja, na watu kumi wasioweza kusema. Karani alikuwa akiita majina kwa nguvu, kisha anakasirika hasikii mtu akiitika. "Mishi! Mishi hayupo?" Na mimi nimesimama mbele yake nimeinua mkono. Siku ya tatu nikampelekea mahamri, na tangu hapo akawa anainua kichwa kwanza kabla ya kuita. Mambo madogo kama haya yashike, kwa kuwa makubwa huenda yasije.

Mtaalamu alikuwa msichana wa Kigiriama aitwaye Kadzo, akija kila asubuhi kwa feri kutoka Likoni. Alinisalimu kwa shikamoo, akaniuliza jina la mamangu, na mimi nikaanza kulia kabla ya kujibu. Akaningojea. Kisha akatoa gilasi, akatia maji nusu, akatumbukiza mrija kiasi cha vidole viwili.

"Sasa, Bi Mishi, shika mrija kwa midomo. Usipulize tu. Toa sauti, sema uuu, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Maji yachemke."

Nikamtazama kama anayenifanyia mzaha. Nimefundisha watoto wakaja kuwa maimamu, leo nichemshe maji kwa mrija? Nikapuliza. Mapovu yakaja, sauti haikuja. Akasema tena. Mara ya tano au ya sita kitu kikatetemeka kifuani, chini kabisa, kama mgurumo wa friji. Kadzo akapiga makofi.

"Hiyo hapo! Imesikika!"

Sikuambii ilifanyaje kazi, hilo muulize mtaalamu wako. Yeye alinieleza kwa maneno mepesi tu, kwamba upepo unaozuiwa na mrija hurudi nyuma ukazisaidia kamba zikutane bila kugombana. Akanikataza kunong'ona, na mimi wiki zote zile nilikuwa nanong'ona kwa kudhani naihifadhi sauti. Usinong'one. Na usikohoe kwa kusafisha koo, kunywa funda la maji. Hayo mawili peke yake yangeniokolea mwezi.

Kazi yake ilikuwa hivi: mara tano kwa siku, dakika tano tano. Kwanza uuu iliyonyooka. Halafu upande nayo kutoka chini hadi juu, ushuke. Halafu uimbe kitu chochote unachokijua, chote ndani ya mrija. Mimi niliimba kasida. Kisha unautoa mrija na papo hapo unasema maneno mawili matatu, kabla sauti haijasahau. Mimi maneno yangu yalikuwa "Mama, nimekuja". Kadzo alinipa mrija mnene wa kuanzia, na baadaye mwembamba, ulio mgumu zaidi. Mirija ya karatasi hulainika, inaziba. Nilikuwa nikienda Makadara kwa muuza madafu mmoja aliyeniwekea ile migumu ya plastiki iliyobaki chini ya meza yake. Aliniuliza kama nina duka la madafu. Nikatikisa kichwa, nikamwonyesha kovu, akaongeza mirija kumi.

Nyumbani nilipuliza jikoni, nyuma ya mlango. Athumani hakupenda. Alikuwa na huzuni, na huzuni yake hutoka kwa ukali. "Mtu mzima kutwa kuchezea maji," alisema. "Si ukasomewe? Hili ni jicho la hasidi tu. Sauti yako ilikuwa inasemwa mji mzima." Nikasomewa. Nikanywa kombe, maji yaliyooshewa aya. Nikarudi kwa mrija.

Saida ndiye aliyechukua kazi yangu ya kumsomea mama. Saida ana sauti nyororo, haina makosa, na mimi nilikaa sakafuni nikimsikiliza, na wivu ukinila. Siku moja narudi kutoka kliniki, niko ngazini, nikasikia mama akilia. "Mishi! Mishi, umeniacha!" Na nikasikia Saida akiitika, "Naam, mama. Nipo." Mama akanyamaza. Akasema, "Ndoo nikushike."

Nilimvuta Saida mkono hadi jikoni. Ule upepo wangu siku ile ulitosha. "Usithubutu tena kuitika jina langu."

"Wifi, alikuwa analia. Ningefanyaje?"

"Mwache alie."

Ndivyo nilivyosema, na sitajipamba hapa. Saida akasema, "Sitarudia." Hatukula pamoja wiki nzima. Ugonjwa wa koo moja unaweza kuumwa na nyumba nzima, na walio karibu nawe ndio watakaopata zile hasira ambazo huna sauti ya kuzipigia kelele.

Kaskazi ilipokolea, mrija ulianza kulipa. Mgurumo ukapanda kutoka kifuani hadi kooni. Nilipotoa mrija, maneno mawili yalitoka na sauti, la tatu na la nne yakaanguka. Halafu manne yakasimama. Ilikuwa sauti nzito, imekwaruza, si yangu, lakini ilikuwa sauti. Kadzo alinirekodi kwa simu yake akanisikilizisha ya wiki ya kwanza na ya siku ile. Nikambusu kichwani.

Mwezi wa Shaaban, jioni, nilipuliza pale pale chini ya ngazi, gilasi mkononi. Nikauweka mrija chini, nikaita, "Mama, nimekuja!"

Nikasikia kitanda juu kikilia. Kisha, "Mishi?"

Nikapanda ngazi mbili mbili.

"Mishi, una mafua, mwanangu?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Mafua."

"Ndoo. Waambie wakuchemshie mchaichai." Akanishika uso kwa mikono miwili, na mimi nikakaa hapo nisiseme neno jingine nisije nikaiharibu. Ilitokea mara tatu Shaaban ile. Siku nyingine nilikuwa yule mwanamke nisiyejulikana, lakini mara tatu nilikuwa mimi. Nilimwandikia Kadzo kwenye simu, "Amenijua." Nilidhani tumeshinda, kwamba kilichobaki ni kupuliza tu.

Ikaingia Ramadhani, na hapa ndipo nilipokosea. Soma pole pole.

Nilijiambia mrija una maji na mimi nimefunga. Tone moja likipita, saumu imekwenda. Hilo lilikuwa la mchana. La usiku lilikuwa jingine. Niliona ni aibu, mwezi mtukufu umeingia, mimi mwalimu wa Kurani, bado naegemea kipande cha plastiki. Nikatia nia. Nikaiweka mirija yangu yote kwenye kopo, nikalifunga, nikasema mwezi huu dawa yangu itakuwa Kurani peke yake. Nitahitimu msahafu mzima kwa sauti, juzuu kila siku, kama nilivyofanya kila Ramadhani tangu nilipoota meno. Mungu ataona, na Idi nitaamka na sauti yangu.

Sikumwuliza Kadzo, kwa kuwa ni Mkristo na nilidhani hatanielewa. Sikumwuliza shehe, kwa kuwa nilijiona najua. Athumani alifurahi. "Hapo sasa," alisema.

Nilisoma. Koo kavu, tumbo tupu, joto la kaskazi, na ile kamba moja nzima ikifanya kazi ya mbili. Sauti ilipokuwa haitoki niliikamua. Nilikaza shingo hadi mishipa ikasimama. Juzuu ya kumi nilikuwa nasikia maumivu mpaka masikioni. Juzuu ya ishirini sauti ilikuwa imekatika tena, nikaendelea kwa kunong'ona, huku machozi yananitoka, na nikayahesabu machozi yale kuwa ni unyenyekevu. Nilihitimu. Asubuhi ya Idi niliamka nikafungua mdomo. Ulikuwa upepo ule ule wa siku ya kwanza.

Kurani ni ponyo, siliondoi neno hilo. Lakini aliyenituma nilikamue koo langu hakuwa Mungu. Nilikuwa mimi na kiburi changu.

Nilipomwandikia Kadzo yote hayo kwenye daftari, alikaa chini. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza.

"Mimi sijui sheria za dini yenu, Bi Mishi. Lakini mrija si lazima uwe na maji. Ungepuliza mkavu mchana kutwa, hewani, hakuna cha kumeza. Na ya maji ungefanya baada ya kufuturu." Akafunga daftari taratibu. "Ungeniuliza tu."

Baadaye nilimwuliza shehe wa mtaa wetu pia. Akasema neno moja, "Kupuliza si kumeza, Mwalimu." Mwezi mzima uliokwenda ulikuwa na jibu fupi kiasi hicho.

Tukaanza tena. Mvua za masika zikinyesha, maji yakipita njiani mbele ya mlango, mimi nipo jikoni na gilasi, uuu. Mrija mnene, kisha mwembamba. Kamera ilipopitishwa tena puani daktari alitikisa kichwa. Ile iliyolala bado imelala, na iliyo nzima imevimba kwa kulemewa. Alinitajia sindano ya kuisogeza ile kamba katikati, inayofanywa Nairobi. Nikasema nitafikiri. Sikutaka kumwacha mama.

Na mama alikuwa ameshaanza kwenda. Ramadhani ile alianguka msalani, na tangu hapo akili iliyokuwa ikienda na kurudi ikawa inakwenda zaidi. Sauti ilianza kunirudia mwezi wa sita, karibu kama ile ya Shaaban. Kadzo alinisikilizisha zote mbili na hata yeye hakuona tofauti kubwa. Nikapuliza chini ya ngazi, nikaita. Hakuniuliza kama nina mafua. Hakuuliza kitu. Nilipofika juu alijivuta hadi ukutani, akajifunika leso kichwani kama afanyavyo mwanamke anapoingiliwa na mgeni. Niliita kila siku. Nilibadilisha saa, nikabadilisha mrija, nikapanda na sauti, nikashuka nayo. Mlango uliokuwa wazi Shaaban ulikuwa umefungwa, na mwezi uliokuwa bado wazi niliupoteza mimi mwenyewe.

Leo sauti yangu iko hivi: nasikika chumbani, sisikiki njiani. Chuo anakifundisha mwanafunzi wangu wa zamani, mimi nasahihisha mbao wanazoandikia watoto na kuwatolea macho. Napuliza mara mbili kwa siku, nisipopuliza inashuka. Nakwambia ukweli huu kwa kuwa wewe huenda una muda ambao mimi niliupoteza. Puliza. Uliza. Uliza hata lile unaloona ni aibu kuuliza, na umwulize hata yule unayedhani hatakuelewa.

Mama alifariki katika baridi ya kusi. Siku nne hakuwa amekula, anapokea maji kwa kijiko tu. Alasiri ya Alhamisi pumzi zake zikaanza kuachana. Athumani akaketi upande wa kichwa akaanza kumsomea Yasini. Mimi nilikuwa upande wa pili nimeushika mkono wake. Saida alisimama mlangoni.

Mama akainua kidole. Athumani akanyamaza.

"Ngoja," mama akasema, wazi kabisa. "Mishi yuwapi?"

"Nipo, mama," nikasema. Nilikuwa nimepuliza asubuhi ile na adhuhuri. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizokuwa nimepata.

Akauvuta mkono wake kutoka kwangu. "Bibi wee, sikukosei adabu. Namtaka mwanangu."

"Mama, ni mimi. Mishi."

"Namtaka mwanangu," akasema tena. "Ameniacha. Nimemkosea nini?"

Nilisema mara ya tatu. Sijui kama alinisikia, alikuwa ameanza kulia, kilio chembamba kisicho na machozi, na kila akilia pumzi inazidi kukatika. Athumani alikuwa ameinamisha kichwa juu ya msahafu. Nikamtazama Saida. Miezi yote ile alikuwa ametunza neno lake. Mama akilia, yeye alikuwa akitoka chumbani badala ya kuitika. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono, na macho yake yalikuwa yananiuliza.

Nikamwitikia kwa kichwa.

Nikasimama nikampisha pahala pangu. Alipiga magoti, akamshika mama mkono, akasema kwa ile sauti yake nyororo, "Mama, nimekuja."

Mama akaacha kulia. "Mishi."

"Naam, mama."

"Umekawia, mwanangu."

"Nisamehe, mama. Nalikuwa mgonjwa."

"Umepona?"

Saida alinitazama, machozi yanamchuruzika. Nikamwitikia tena kwa kichwa.

"Nimepona, mama."

"Alhamdulillahi," mama akasema, na mkono wake ukapanda ukampapasa Saida shavuni, pole pole, kama mtu anayehakikisha. "Haya, nisomee."

Saida akasoma. Mimi nilikaa chini, upande wa miguu, nikaishika, na nikawa nafuata kila aya kwa midomo tu.